Namna ya kuuona mwili wako ukijiweka sawa

Wanafunzi wangu wengi wamekariri kwamba joto la mwili ni nyuzi 37, lakini nikiwauliza nani analishikilia hapo, wanakwama. Kwa hiyo naanza na pumzi, maana hiyo unaihisi papo hapo.

Kaa kitini, tulia dakika 5. Pumua kawaida, toa pumzi bila kuikamua, halafu bana pua na ufunge mdomo. Usishindane na saa. Sikiliza kifua tu. Mwanzoni kimya. Kisha chini ya mbavu unakuja mvuto mdogo: kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kinajaribu kushuka bila ruhusa yako. Hapo achia. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu, na mjamzito, amtazame mwenzake tu.

Wengi hudhani oksijeni imeisha. Haijaisha. Kinachokusukuma ni kabonidayoksaidi iliyojikusanya. Ikiyeyuka kwenye damu huongeza asidi, na pH ya damu (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) inatakiwa ibaki kati ya 7.35 na 7.45. Vihisi vya kwenye shina la ubongo vinapima badiliko hilo, shina linatoa amri, kiwambo na misuli ya mbavu vinatii. Ukishavuta na kutoa hewa, gesi inapungua, asidi inashuka, na amri nayo inapoa. Kipande hicho cha mwisho ndicho watu husahau kukichora: kitendo lazima kizime kengele iliyokiita.

Nakusihi sana, usijaribu hivi majini, wala usihemehemee kwa kasi kabla ya kuzamia. Kuhema huko hufukuza kabonidayoksaidi; kengele inachelewa huku oksijeni ikiisha, na mtu anazimia chini ya maji bila onyo.

Sasa chukua karatasi, uchore kwa mishale, uyapeleke maswali hayohayo kwenye sukari ya damu: nani anapima, nani anatenda, nini kinamsimamisha? Ukila, seli za beta za kongosho huona sukari imepanda, zikamwaga insulini, homoni ya kuishusha. Misuli na mafuta huichota sukari, ini huiweka akiba kama glaikojeni. Sukari ikishuka, insulini inapungua. Usiku, glukagoni, homoni nyingine ya kongosho, huliagiza ini liitoe akiba.

Ukimaliza kuchora, zifute seli za beta. Hicho ndicho kisukari cha aina ya 1. Fuata mishale iliyobaki, utaona kwa nini mgonjwa anajichoma insulini na bado lazima apime sukari mwenyewe: aliyekuwa akimpimia hayupo tena.