Namna ya Kukagua Kinywa cha Mtoto na Kutofautisha Meno ya Utotoni na ya Ukubwani

Katika mitaa ya Ngamiani, Makorora na Chumbageni, kama ilivyo kwingineko mkoani Tanga, jino la kwanza la mtoto hupokewa kwa furaha siku linapochomoza, na jino la kwanza kung'oka husimuliwa nyumba nzima. Lipo jino moja, hata hivyo, ambalo huota bila kuonwa na mtu. Ni gego linalotokea mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, mara nyingi karibu na wakati anapoanza darasa la kwanza. Gego hili halichukui nafasi ya jino lolote la utotoni, kwa hiyo halitanguliwi na pengo wala damu. Huchomoza nyuma kabisa ya meno yote yaliyopo, mahali ambapo mzazi hana desturi ya kutazama. Likishatoboka, watu husema, "Hilo ni la utoto, litang'oka lenyewe," ilhali ni jino la ukubwani ambalo likipotea halioti jingine. Nimeuandika mwongozo huu kwa wazazi, mabibi na walimu wa watoto wadogo ili kila mmoja aweze kukitazama kinywa cha mtoto na kujua, bila kubahatisha, ni jino gani analoliona.

Kujitayarisha

Mwanga ndio kifaa cha kwanza. Barazani asubuhi panaonekana vizuri kuliko chumbani, na pasipokuwa na jua, tochi ya simu inatosha. Mtoto apige mswaki kwanza, nawe unawe mikono kwa sabuni. Tayarisha kijiko cha chai kilichooshwa, ambacho mpini wake utakusaidia kusogeza shavu na ulimi, pamoja na kitambaa safi cha kufutia mate, kwa sababu jino lililolowa hung'aa na kuficha madoa. Mtoto mdogo alazwe chali mkekani, kichwa chake kikiwa mapajani pako. Aliye mkubwa anaweza kuketi akielekea mwanga na kupanua kinywa mwenyewe. Kumbuka kwamba mtoto akikuelekea, upande wake wa kulia uko kushotoni kwako, na matabibu wa meno hutaja daima upande wa mwenye meno, si wa anayetazama.

Kuhesabu kutoka katikati

Kigawe kinywa katika robo nne: juu kulia, juu kushoto, chini kushoto na chini kulia. Katika kila robo anza kuhesabu katikati, pale meno mawili makubwa ya mbele yanapokutana, ukielekea nyuma. Mtoto ambaye meno yake ya utotoni yamekamilika ana matano katika kila robo: mawili ya mbele ya kukatia, chonge moja, kisha magego mawili. Jumla yake ni meno 20. Mtu mzima ana manane katika kila robo: mawili ya mbele, chonge moja, magego madogo mawili, na magego makubwa matatu, na jumla ni 32. Tofauti hiyo ina jambo la kuzingatia, nalo ni kwamba mtoto hana magego madogo kabisa. Yale magego yake mawili yaking'oka, nafasi zao huchukuliwa na magego madogo, na magego makubwa yote ya mtu mzima huota nyuma, mahali ambapo hapakuwa na jino.

Kutokana na hesabu hiyo inapatikana kanuni ninayoomba kila mlezi aishike: jino la sita kutoka katikati ni jino la ukubwani. Penye pengo lihesabu pengo kana kwamba jino lipo, na ukifika sita ukakuta jino, basi hilo ndilo gego la miaka sita, hata kama mtoto bado hajang'oka jino lolote la mbele. Kanuni hii huweza kukosea kwa watoto wachache tu, wale walioota jino la ziada au waliozaliwa bila mojawapo, na hao tabibu atawatambua kwa urahisi.

Kutambua kwa sura

Kuhesabu hakutoshi kwa jino la kwanza hadi la tano, kwa sababu kati ya umri wa miaka sita na kumi na miwili meno ya aina zote mbili hukaa kinywani kwa pamoja. Hapo ndipo sura hutumika. Meno ya utotoni ni meupe zaidi, na yale ya mbele ni mafupi na madogo. Jino la mbele la ukubwani ni kubwa, lina rangi ya njano kidogo, na likiwa jipya ncha yake ina nundu tatu ndogo kama meno ya msumeno, ambazo huisha zenyewe kadiri mtoto anavyotafuna. Wazazi wengi huhuzunishwa na rangi hiyo wakidhani ni uchafu, wakaanza kumsugua mtoto kwa mkaa au majivu. Si uchafu. Tabaka la nje la jino hupitisha nuru, na rangi inayoonekana ni ya tabaka la ndani, ambalo kwa asili ni la njano; kulisugua jino changa kwa vitu vikwaruzavyo ni kulipunguza lile tabaka lake la kinga.

Nafasi baina ya meno ya mtoto mdogo nazo huwatia watu wasiwasi bure. Mtoto wa miaka minne aliye na mianya, hasa mbele ya chonge za juu na nyuma ya chonge za chini, ana taya lenye nafasi ya kupokea meno makubwa yajayo. Anayehitaji kufuatiliwa zaidi ni yule ambaye meno yake ya utotoni yamebanana.

Ugumu halisi uko kwenye magego. Gego la pili la utotoni linafanana sana na gego la sita lililo nyuma yake, kiasi kwamba hata wanafunzi wa udaktari wa meno hufundishwa kuyalinganisha. Katika taya la chini yote mawili huwa na nundu tano juu ya uso wa kutafunia, na katika taya la juu huwa na nundu kuu nne, mara nyingi pamoja na kijinundu cha tano upande wa kaakaa. Linalotofautisha ni ukubwa, kwani la sita ni kubwa zaidi, na shingo ya jino, kwani la utotoni hutuna karibu na ufizi kisha hubana ghafla. Tazama pia mifereji iliyo baina ya nundu. Katika gego jipya la sita mifereji hiyo ni mirefu kwenda chini na myembamba kuliko unywele wa mswaki, na biskuti, kashata au muhogo ukiingia humo hautoki kwa kusukutua. Zaidi ya hayo, kwa miezi kadhaa gego hilo huwa halijafikia usawa wa wenzake, hivyo mswaki unaopita juu ya meno mengine haulifikii kabisa. Ingiza mswaki kutokea pembeni mwa mdomo, uukingamishe juu ya gego hilo peke yake, ulisugue mwenyewe. Mtoto wa miaka sita hawezi kulifikia vizuri. Muulize tabibu pia kama inawezekana kuiziba mifereji hiyo kabla haijaanza kuoza, kwa maana huo ndio wakati unaofaa.

Yaliyo ndani ya jino na chini ya ufizi

Tabaka la nje la taji la jino, yaani sehemu inayoonekana nje ya ufizi, ni enameli, ambayo ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini jino likishaota haina chembe hai na haiwezi kujijenga upya ikitoboka. Chini yake iko dentini, na katikati kabisa kiko kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Katika jino la utotoni enameli ni nyembamba zaidi, na kiini ni kikubwa kwa kulinganisha na jino lenyewe, pembe zake zikikaribia uso wa jino. Ndiyo maana tundu dogo katika gego la mtoto wa miaka mitano laweza kufika kwenye fahamu mapema, na maumivu ya usiku yakaja kabla mzazi hajaona lolote la kutisha.

Mizizi ya magego ya utotoni, miwili chini na mitatu juu, imetanuka kwa nje, na baina yake hukaa kichanga cha gego dogo la ukubwani. Kichanga kinapokua, mwili huiyeyusha mizizi hiyo polepole, jino likalegea na kung'oka. Jino la utotoni lililong'oka kwa wakati wake huonekana halina mzizi, na hapana haja ya kuogopa kwamba kipande kimebaki ndani. Lakini usaha katika mizizi ya jino bovu la utotoni hukaa jirani na kichanga hicho, na huweza kuidhuru enameli yake kabla hakijatokeza. Tena gego la utotoni likipotea miaka kadhaa kabla ya wakati wake, gego la sita husogea mbele na kuibana nafasi iliyowekwa kwa mwingine. Kwa sababu hizo siungi mkono hata kidogo mazoea ya kuacha meno ya utotoni yaoze kwa hoja kwamba yatang'oka.

Kuna jambo jingine chini ya ufizi ambalo limewagharimu watoto wetu. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, na mtu akamfunua kinywa, huweza kuona uvimbe mweupe mahali pa chonge, naye akatangaza kwamba ni "meno ya plastiki" yanayopaswa kutolewa. Hakuna plastiki hapo. Kinachoonekana ni chonge ya utotoni ambayo bado haijaota, na jirani yake, ndani zaidi, chonge ya ukubwani huanza kujengeka katika miezi hiyohiyo ya kwanza. Anayechimba mahali hapo humtoa mtoto damu nyingi, humwingiza hatari ya pepopunda na maambukizi mengine, na huweza kuharibu chonge zote mbili, huku kilichomfanya aharishe kikibaki bila kutibiwa. Mtoto wa namna hiyo aanzishiwe maji ya ORS, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wakati wa kuota

Meno mawili ya kati ya chini hutangulia, kwa kawaida kati ya miezi sita na kumi, yakifuatwa na ya juu. Magego ya kwanza huja yapata mwaka mmoja na miezi michache, chonge baadaye, na magego ya pili hukamilisha safu mtoto anapokaribia miaka mitatu. Zamani huku pwani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego na akadhaniwa kuwa na mkosi. Mpangilio huo hutofautiana tu kati ya mtoto na mtoto, na hauna maana yoyote kwa afya yake wala kwa jamaa zake.

Magego ya sita na meno ya kati ya chini ya ukubwani huota kati ya miaka sita na saba, ya kati ya juu kati ya saba na nane, magego madogo kuanzia kumi hadi kumi na miwili, na chonge za juu huchelewa hadi kumi na moja au kumi na miwili. Gego kubwa la pili huja karibu na miaka kumi na miwili, na la mwisho baada ya kumi na saba, au lisitokeze kabisa. Meno ya chini ya mbele mara nyingi huota nyuma ya yale ya utotoni na kufanya safu mbili. Ikiwa la utotoni linacheza, mwache mtoto alitikise kwa ulimi litoke lenyewe, na ikiwa limekaza, mpeleke kwa tabibu.

Andika unayoyaona katika daftari pamoja na tarehe. Ukipenda kutumia namba za matabibu, tarakimu ya kwanza ni ya robo na ya pili ni ya jino kutoka katikati. Robo za ukubwani ni 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto na 4 chini kulia. Za utotoni hufuata mpangilio huohuo kwa 5, 6, 7 na 8. Hivyo 75 ni gego la pili la utotoni chini kushoto, na 36 ni gego la sita lililo nyuma yake. Ukikuta namba 16, 26, 36 au 46 katika kadi ya mtoto, jua kwamba linalozungumzwa ni gego la miaka sita.

Jino likitolewa kwa kishindo

Ujuzi huu huhitajika kwa haraka zaidi mtoto anapoanguka kwenye baiskeli au kugongwa mchezoni, jino zima likatoka. Ikiwa ni jino dogo, jeupe, la mtoto wa miaka minne, lisirudishwe, maana kulisukuma ndani kwaweza kulidhuru lililo juu yake; mtoto aonwe tu na tabibu. Ikiwa ni jino kubwa la mbele lenye mzizi mrefu, la mtoto wa miaka minane au tisa, lishike kwa taji bila kugusa mzizi, lisuuze kwa sekunde chache kwa maji safi au maziwa bila kulisugua, ulirudishe katika tundu lake likielekea lilivyokuwa, na mtoto aume kitambaa safi ili kulishikilia. Usipoweza kulirudisha, litumbukize katika maziwa ya baridi, si maji, na umfikishe mtoto kwa tabibu wa meno, Hospitali ya Bombo au penye huduma palipo karibu zaidi, ndani ya saa moja ikiwezekana, kwa kuwa chembe zilizoshikamana na mzizi hufa upesi zikikauka.