Notisi kwanza, tingatinga baadaye
Ndugu zangu mlionunua ardhi Arizona, hasa nyinyi wa Phoenix na Tucson mliotoka Kongo na Burundi, kosa ni lilelile kila msimu. Mtu anapata ekari 2 za jangwa, Jumamosi tingatinga limeshaingia, Jumatatu ndiyo ananipigia kuuliza habari za kibali.

Mwezi uliopita nilimkuta mmoja na saguaro mbili, wale dungusi wakubwa wa jangwani, chini, mizizi juu, ubavu umepasuka na kuanza kunuka. "Shamba si langu, bwana shamba?" Lake kabisa. Mimea ni yake na sheria inamruhusu kuiondoa, ila aiarifu kwanza Idara ya Kilimo ya Arizona. Miaka 8 ya mwanzo dungusi huyu havuki sentimita 4, na mkono wa kwanza huusubiri nusu karne au zaidi. Notisi inawapa wahamishaji wa mimea muda wa kukuomba ruhusa waje wauchukue mmea.

Sasa siku za kungoja kati ya notisi na tingatinga, maana hapa ndipo mnapoharibu. Eneo utakalosafisha likiwa chini ya ekari 1, siku 20. Ekari 1 hadi zisizofika 40, siku 30. Kuanzia 40, siku 60. Ekari 1 kamili si "chini ya ekari 1", msinibishie! Na kupeleka fomu si kuruhusiwa: ngoja uthibitisho wa maandishi, na siku zitimie. Mwenye nyumba iliyokwisha kujengwa kwenye makazi ya ekari 10 au pungufu hadaiwi notisi hii, lakini aulize mjini kwake. Scottsdale na Tucson wana kanuni zao.

Kuutoa mmea nje ya shamba ni habari nyingine. Hata kama unampa shemeji bure, kibali na lebo vitangulie jembe. Si saguaro peke yake: mesquite nao umo, pamoja na ocotillo na palo verde, mimea mingine ya jangwa hili. Watu wa Baringo mtacheka: mesquite ni ndugu wa mathenge, ule mti vamizi wa miiba mnaoulaani kule nyumbani.

Ukihamisha saguaro, tia alama ya chaki upande wa kusini kabla ya kuchimba, na uupande alama ikielekea kusini tena. Ngozi ya kaskazini haijazoea jua kali, itaungua. Mbavu zikitanuka baada ya mvua, imeshika.