Kabla ya siku ya hukumu: ya kupanga nyumbani pale mwanamke anapokabiliwa na kifungo

Mtu akiwa nje kwa dhamana, siku za mwisho kabla ya hukumu huishia kwenye maombi, vikao na wakili na kubahatisha hakimu atasema nini. Kutumaini ni haki yake. Lakini kama kifungo kinawezekana, tengeni jioni moja mkae mpange. Jambo ambalo leo mnalimaliza kwa maneno mawili sebuleni, akishaingia ndani litataka barua, sahihi, muhuri na wiki kadhaa za kusubiri.

Anzeni na namba za simu. Siku hizi nani anajua namba ya mtu kwa kichwa? Zote zimo kwenye simu, na simu inachukuliwa mapokezi. Akariri namba mbili, aziseme asubuhi na usiku bila kuchungulia popote, kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Ya kwanza iwe ya mtu anayepokea hata namba ngeni. Simu za gerezani kwa kawaida ni za upande mmoja: yeye hupiga, ninyi hamwezi kumpigia. Ukiona namba usiyoijua ukaipuuza, huenda ndiyo zamu yake imepita hivyo. Na mwambizane mapema kwamba mazungumzo hayo huweza kusikilizwa na kurekodiwa, kwa hiyo habari za kesi zibaki kwa wakili.

Kisha jina. Mtaani anaitwa Mama Fulani, na mwaka mzima hakuna anayemwita vingine. Gerezani Mama Fulani hayupo. Yupo mwanamke mwenye majina matatu kama yalivyoandikwa kwenye karatasi za mahakama, herufi kwa herufi, na baada ya siku chache anapewa namba. Nakilini majina hayo sasa, mkiipata namba mwiandike pembeni. Barua isiyo na namba huzunguka, na mgeni asiyejua majina kamili husimama getini akibishana na askari ambaye wala hana kosa.

Watoto ndio jambo zito kuliko yote, na ndilo familia nyingi huliacha mwisho. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010 kuhusu wafungwa wanawake, zinasema katika kanuni ya 2 kwamba mwanamke mwenye watoto wanaomtegemea aruhusiwe kupanga malezi yao kabla ya kuingia gerezani au anapopokelewa, na hata kifungo kinaweza kusimamishwa kwa muda unaofaa kwa ajili hiyo. Si kila nchi imeliweka hilo katika sheria zake, ila mwulizeni wakili, tena kwa kuitaja kanuni yenyewe. Andikeni karatasi ya nani anakaa na watoto, aisaini mama, ishuhudiwe. Bila karatasi hiyo, shangazi akifika shuleni au hospitalini ataulizwa yeye ni nani. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki viwekwe kwenye bahasha moja. Kama ana mtoto anayenyonya, ulizeni gereza linapokea watoto hadi umri gani, maana nchi hutofautiana sana. Anayeingia na mama yake si mfungwa, wala hapaswi kutendewa kama mfungwa.

Na msiwaambie watoto kwamba mama amesafiri. Mtoto huhesabu siku za safari, na huusikia ukweli kwa jirani.

Kuhusu afya, vidonge vyenyewe mara nyingi haviruhusiwi kuingia. Kinachofaa ni barua ya daktari yenye jina la dawa, kipimo na saa za kumeza. Siku ya kupokelewa kuna uchunguzi wa afya. Hapo aseme yote, hata ujauzito wa wiki chache, hata huzuni inayomnyima usingizi. Taulo za kike, kwa mujibu wa Kanuni za Bangkok, zitolewe bure, lakini kuandikwa ni kitu kimoja na kupatikana ni kingine. Ulizeni kama familia inaruhusiwa kuleta.

Maisha ya ndani yenyewe yana mpangilio mkali unaojirudia: kuhesabiwa, usafi, foleni ya maji, kazi au darasa, chakula, kuhesabiwa tena, kisha milango kufungwa mapema kuliko saa aliyozoea kulala. Saa za jioni ndizo ndefu. Kuhusu mafunzo, kama ushonaji, upishi, kusoma na kuandika au kompyuta, nafasi huwa chache kuliko wanaozitaka, kwa hiyo ajiandikishe wiki ya kwanza bila kungoja moyo utulie. Aulize pia kozi inachukua muda gani, kwa sababu ya mwaka mzima haimfai mwenye kifungo cha miezi minane. Akiwa mahabusu tu, kesi haijaamuliwa, apewe nafasi ya kufanya kazi akitaka, ila halazimishwi. Hilo limo katika Kanuni za Nelson Mandela, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wote, za mwaka 2015.

Magereza ya wanawake ni machache, kwa hiyo huenda akapelekwa mbali na nyumbani. Hesabuni nauli kabla ya kuahidi. Mimi naona ni bora kwenda mara moja kila baada ya miezi miwili na kutimiza, kuliko kuahidi kila wiki na kumwacha amesuka nywele, amekaa tayari, jina lake halijaitwa. Kabla ya kwenda hakikisheni mmeandikishwa kwenye orodha ya wageni na mna vitambulisho halisi, si nakala. Vaeni nguo za heshima zisizo na vyuma vingi; sidiria yenye waya imewahi kumrudisha mtu kutoka kwenye mashine ya ukaguzi. Mtoto aambiwe mapema kwamba atapekuliwa, na kwamba huenda kukawa na kioo kati yake na mama.

Mkikaa, dakika hukimbia. Msizimalize kwa kulia na kuulizana habari za rufaa. Mwambieni paka amezaa wangapi, nani amegombana na nani, bomba la jikoni limetengenezwa au bado. Anachokikosa ni nyumba.

Siku moja mnaweza kufika mkaambiwa amehamishwa. Kanuni ya 68 katika hizo za Mandela inampa haki ya kuwajulisha mara moja, lakini habari huchelewa njiani. Msiondoke getini. Toeni ile karatasi yenye majina matatu na namba, ombeni jina la gereza alikopelekwa, liandikeni hapohapo.