Kuongeza Kipoza Oili kwenye Gari la Gia Otomatiki

Gari la gia otomatiki linalopanda kilima cha Bugando hapa Mwanza polepole, likiwa limejaa abiria, hupasha oili ya giaboksi kuliko linapokwenda kwa mwendo mzuri katika barabara ya Shinyanga, kwa sababu konveta, kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa njia ya oili, huzalisha joto jingi zaidi pale injini inapovuta kwa nguvu huku magurudumu yakizunguka taratibu. Oili inayozidi nyuzi 120 za Selsiasi mara kwa mara huharibika mapema, hubadilika rangi na kunuka kama kitu kilichoungua. Kwa anayebeba mizigo kila siku, kipoza cha ziada kinafaa.

Katika magari mengi oili hupozwa ndani ya rejeta. Wapo mafundi wanaokata njia hiyo na kuunga kipoza kipya peke yake. Siungi mkono jambo hilo, isipokuwa rejeta imetoboka kwa ndani, hali inayotambulika oili inapogeuka rangi ya maziwa. Kwenye foleni ya Buzuruga hakuna upepo wa kutosha kupoza oili, ilhali maji ya rejeta yanaendelea kuzunguka. Oili ipite kwanza kwenye rejeta, kisha kwenye kipoza kipya, ndipo irudi kwenye giaboksi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuutambua mpira wa kurudi, yaani unaotoa oili kwenye rejeta kuirudisha giaboksi, maana hapo ndipo kipoza kitaungwa. Gari likiwa limepoa na gia ikiwa P, chomoa mpira mmoja kwenye rejeta, kinga chombo pande zote mbili, kisha mwenzako awashe injini kwa sekunde chache tu: oili ikitoka upande wa rejeta, mpira uliouchomoa ndio wa kurudi.

Funga kipoza mbele ya kondensa ya AC kwa vyuma vilivyobanwa kwenye fremu. Vile vibanio vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya mapezi, yaani vibati vyembamba vya kupitisha hewa, husagana nayo gari linapotikisika, na mwisho hutoboa. Tumia mpira uliotengenezwa kwa oili ya giaboksi, kwani wa maji hulainika na kuvimba. Uingize vizuri, uubane kwa klipu, na usiuache uguse feni wala chuma chenye ncha.

Kipoza na mipira yake vitameza oili, hivyo ongeza ya aina ileile iliyoelekezwa na mtengenezaji. Toyota inayotumia oili ya aina ya T-IV isitiwe ya WS, na CVT, giaboksi otomatiki isiyo na gia za hatua, ina oili yake. Kwa Toyota zenye stiki ya kupimia oili ya giaboksi, pitisha gia zote, rudi P, kisha pima injini ikiunguruma na oili ikiwa imepata moto.

Huku kwetu, wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa makundi kama wingu hunasa kwenye mapezi na kukauka hadi hewa ikose pa kupita. Waoshe kwa maji ya msukumo mdogo, ukielekeza kutoka upande wa injini kuja mbele, maana maji ya presha kubwa hupinda mapezi.