Namna ya kusoma msimamo wa kisera wa chama cha wahandisi

Chama cha Wahandisi Ujenzi cha Marekani (ASCE), kilichoanzishwa mwaka 1852, hutoa misimamo ya kisera kuhusu mambo kama usalama wa mabwawa na leseni za wahandisi. Anza na tamko lenyewe, linalotaja kile ambacho chama kinakiunga mkono au kukipinga, kisha uende moja kwa moja kwenye sababu, kwa kuwa hapo ndipo utakapobaini iwapo hoja imesimama juu ya ushahidi wa kitaalamu au juu ya matumaini tu. Maelezo ya tatizo, yaani sehemu iliyo kati ya hizo mbili, yanatosha kupitiwa haraka. Angalia pia tarehe ya kupitishwa, maana misimamo hurekebishwa.

Halafu linganisha tamko na tathmini ya chama hicho ya miundombinu ya Marekani, iliyotoa alama ya C- mwaka 2021 na C mwaka 2025 (A ndiyo ya juu kabisa, F ya chini kabisa). Alama hizo zina uzito, lakini si sheria; Bunge la Marekani ndilo linaloidhinisha fedha za serikali kuu. Mwisho, jiulize ni nani atakayenufaika: chama kinapodai matumizi makubwa zaidi ya ujenzi, kinautetea umma na, bila shaka, kazi za wanachama wake pia.