Kiangazi kimefika, fungueni sakafu ya chumba cha seva

Wenzangu mnaosimamia vyumba vya seva hapa Dodoma, msiishie kufuta vumbi juu ya makabati. Fungueni na sakafu ya kuinuliwa, yaani ile ya vigae vilivyokalia nguzo fupi, mwone kilichoko chini. Upepo wetu wa kiangazi unapenyeza vumbi kila mahali, na kwa kuwa hewa baridi ya kiyoyozi inapita chini ya sakafu hiyo, vumbi lililotulia huko hupulizwa moja kwa moja kwenye seva.

Vigae vinyanyueni kwa kishikio chenye mipira ya kunyonya. Bisibisi inamegua kingo, na kigae cha sentimita 60 kwa 60 kikishameguka hakikai tena sawasawa. Msifungue safu nzima kwa mkupuo, maana nguzo zikikosa vigae zinaweza kuyumba na makabati ni mazito. Ufagio hapana kabisa! Tumieni mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio laini.

Mkiwa hapo, mulikeni tochi kwenye matundu ya kupitishia nyaya. Nadhani hapa ndipo pesa nyingi ya umeme inapopotelea: tundu wazi nyuma ya kabati linavujisha hewa baridi pasipohitajika, halafu lawama zinaangukia kiyoyozi. Zibeni kwa brashi maalumu au sponji isiyoshika moto. Vigae vyenye vitundu vikae mbele ya makabati tu, upande ambao seva zinavuta hewa.

Kagueni pia waya wa ethi kwenye nguzo, ule unaopeleka umeme ardhini. Hewa kavu inaleta umeme tuli kirahisi, kwa hiyo skrubu iliyolegea ikazwe siku hiyohiyo.