Shule siku mbili, nyumbani siku tatu: jinsi ya kupanga mtoto asiandikwe mtoro

Juzi nimemsaidia wifi yangu kupanga hili jambo, mtoto asome shule siku mbili na siku tatu afundishwe nyumbani, nikaona niandike kabla sijasahau.

1. Angalia sheria ya unapoishi. Ujerumani huwezi kumfundishia mtoto nyumbani badala ya shule, England unaweza ila hizo siku za shule ni hiari ya mwalimu mkuu, akikataa ndo basi, na Idaho kule Marekani mtoto wa nyumbani ana haki kisheria kusoma baadhi ya masomo shule ya umma. Kwa hiyo usiige ya mtu wa mbali.

2. Gawa masomo. Maabara, michezo, muziki wa kundi, peleka shule. Hesabu na kusoma baki nazo.

3. Makubaliano ya maandishi. Hapa ndo pamenitoa jasho. Sisi tulielewana na mwalimu mkuu kwa mdomo tu, mwezi haujaisha barua ya utoro hii hapa, naenda ofisini naambiwa imetumwa na kompyuta, wakaifuta, wiki iliyofuata ikaja nyingine! Kumbe rejista inajua yupo au hayupo, mtoto wa nusu haijui, na anayeijaza hakuwahi kuambiwa chochote. Kwa hiyo barua yako itaje siku za nyumbani kwa majina, iseme siku hizo ataandikwa alama gani (iwe ya ruhusa, sio utoro), na mtihani ukiangukia siku ya nyumbani itakuwaje. Nakala mpe mwalimu wa darasa NA anayejaza rejista. Mwalimu mkuu akihamishwa, peleka tena barua, usingoje uitwe. Halafu uliza kama ratiba inazunguka, maana kuna shule zina wiki A na wiki B, somo ulilolifuata Jumanne wiki ijayo liko Jumatano na wewe mtoto umebaki naye nyumbani. Omba siku nzima au nusu siku, vipindi kimoja kimoja mi sivishauri kabisa, mtashinda njiani.

4. Kumbukumbu. Daftari la karatasi: tarehe, somo, kurasa. Programu za simu nilijaribu mbili, nikaishia kujaza programu badala ya kufundisha.

5. Anza mwanzo wa muhula, sio katikati. Wiki ya kwanza mwombe anayejaza rejista akuonyeshe siku zenu zimeandikwaje.